Sababu ya Talaka: Kupisha Harusi

Nchi ninayoisimulia hapa si yetu. Nasema mapema, usije ukaanza kugeuka nyuma kuangalia nani kakaa. Ni nchi nyingine kabisa, iko mbali, na ukiona humu jambo linalofanana na la kwetu, ujue wao ndio waliotuiga.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, ila lilikwisha kupelekwa makumbusho. Alikuwa mtu wa huruma sana. Alipochaguliwa aliwaonea wananchi huruma wasije wakachoka kumchagua tena, kwa hiyo uchaguzi ukafanywa mara moja, basi. Siku hiyo mimi nilikuwa msichana mwenye meno yote mdomoni.

Kisha ukaja mtambo.

Ulikuwa mtambo wa msaada kutoka nchi rafiki, ule wa kujaribia, ambao wenyewe walikwisha kuujaribu na hawakuutaka. Kazi yake nyepesi. Unauambia jambo la kufanya na siku ya kulifanya, halafu unakwenda zako kulala. Siku ikifika, mtambo unalifanya wenyewe: unaandika barua, unaita bendi ya polisi, unafunga barabara, unamtuma tarishi na pikipiki. Ukimaliza kuuambia, unakuuliza swali moja tu: "Kazi hii ijirudie?" Hapo kwenye kioo pana vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Ukigusa Ndiyo, kazi itafanywa kila wiki mpaka kiama. Ukigusa Hapana, itafanywa mara moja tu na kukwisha.

Lakini kwa kuwa ulikuwa wa msaada, nafasi ya Mara Moja Tu ilikuwa moja. Ukitaka zaidi, ununue mtambo kamili. Ile moja ikapewa Uchaguzi Mkuu, maana hilo ndilo jambo ambalo serikali nzima ilikuwa na hakika halifai kurudiwa.

Siku ya uzinduzi watu wa itifaki wakaona balaa. Mbele ya Mtukufu neno "hapana" halitamkwi wala halioneshwi. Hata watoto wake, walipokuwa hawataki uji, walifundishwa kusema, "Ndiyo, kesho." Na sasa neno lenyewe liko kwenye kioo, jekundu! Mbio mbio wakalifunika kwa stika ya picha ya Mtukufu akitabasamu. Pakawa salama. Ila kuanzia hapo, mtumishi akitaka kugusa Hapana ilimbidi amtie Mtukufu kidole jichoni, na kosa hilo kifungo chake kinajulikana.

Basi kila mtumishi akagusa Ndiyo.

* * *

Mambo yakaanza kujirudia. Daraja la mjini likazinduliwa Jumatatu. Jumatatu ya pili likazinduliwa tena. Na kwa kuwa huwezi kuzindua daraja lililo wazi, Jumapili likawa linafungwa kwa magogo. Bomba la maji la soko lilifunguliwa Jumanne. Jumatano mtambo ukalifunga ili upate la kufungua Jumanne ijayo. Marehemu Waziri wa Misitu alizikwa kwa heshima zote Alhamisi, na akazikwa kila Alhamisi iliyofuata. Mjane wake aliandika barua kuomba angalau jeneza lipakwe rangi.

Wananchi hawakulalamika. Mtu atalalamikaje wakati bendi inapiga? Televisheni ikatangaza kwamba hakuna serikali duniani inayozindua kama ile, na ilikuwa kweli.

Kisha likatoka tangazo kwamba ndoa zote sasa zipite mtamboni. Dini zina mambo yake na mimi sizigusi. Hii ilikuwa ndoa ya serikali. Na hapo ndipo lilipomkuta shoga yangu Bi Mashavu.

Bi Mashavu alikuwa jirani yangu, mkaanga vitumbua. Mimi ndiye somo yake, niliyemfunda ujanani, na bado ananiogopa kidogo. Mtaani kwetu (kwao, nataka kusema kwao) alikuwepo pia Mzee Ngwali, kinyozi. Mikono ya Mzee Ngwali inatetemeka, na wateja wake huaga majumbani kwao kabla ya kuja kunyolewa. Hao wawili walipendana tangu zamani. Ngwali alimwambia, "Mashavu, nisubiri nipige bati, nikuoe." Mashavu akasubiri. Bati likapigwa, likaota kutu, likatoboka. Ndipo akaja kuposa.

"Sasa umekuja kunioa au kunizika?" Mashavu akamuuliza.

"Lolote litakalotangulia," Ngwali akasema.

Mashavu akacheka mpaka akashika ukuta. Wakakubaliana Jumamosi.

* * *

Harusi ya kwanza ilikuwa harusi kweli. Serikali ilileta turubai, pilau na bendi. Mkurugenzi wa Ratiba, Bwana Pandu, mtu mwembamba mwenye tai pana, alikuja na kile kioo cha mtambo, maana kioo hubebwa kwenye kila shughuli ili mgeni rasmi akiguse watu wakimwona. Akapanda jukwaani.

"Leo," akasema Bwana Pandu, "ni siku ya kihistoria, ambayo haijapata kutokea wala haitatokea tena!"

Tukapiga makofi. Akamuuliza Ngwali kama anamkubali Bi Mashavu.

"Nimekubali!" Ngwali akanguruma, kuku wa mtaa mzima wakatawanyika.

Mgeni rasmi, nadhani alikuwa Waziri wa Bandari ya nchi isiyo na bahari, akagusa kioo. Mtambo ukauliza swali lake. Waziri akaitazama stika, stika ikamtazama. Akagusa Ndiyo. Cheti kikatoka. Nikapiga kigelegele, na hakuna aliyefikiri jambo.

Wakaishi vizuri. Ngwali alihamia kwa Mashavu na mto wake na boksi la nyembe. Ijumaa saa sita mchana Mashavu alikuwa anaepua vitumbua, tarishi wa pikipiki akasimama mlangoni.

"Bi Mashavu ni nani? Weka sahihi hapa."

"Ni nini hii?"

"Talaka."

"Talaka! Nani kanipa?"

"Mtambo."

"Mimi na mtambo tumekosana wapi?"

Tarishi akageuza karatasi, akasoma. "Sababu ya talaka: kupisha harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yako, mama. Kesho. Hongera sana."

Maana mtambo una akili, ndugu zangu. Unajua kwamba huwezi kumwoza mtu aliyekwisha kuolewa. Kwa hiyo, kama kwa lile daraja, ulikuwa unafunga kwanza ili upate cha kufungua.

Nyuma ya tarishi alisimama polisi, kuhakikisha watalaka hawalali nyumba moja. Mzee Ngwali akatoka na mto wake kwapani, akaenda kukaa kibarazani kwake chini ya bati lililotoboka. Kesho yake turubai likaja, pilau likaja, bendi ikaja. Bwana Pandu akapanda jukwaani.

"Leo ni siku ya kihistoria, ambayo haijapata kutokea wala haitatokea tena!"

* * *

Mwanzoni tulicheka. Nani hapendi pilau? Jumamosi ya kwanza watu walileta zawadi za kanga na masufuria. Baadaye wakaleta vijiko. Baadaye wakaja na vibakuli vyao vya kubebea nyumbani. Hina ya Bi Mashavu ilipakwa juu ya hina mpaka mikono ikawa myeusi kama chungu, na mimi somo nilikwishiwa na mafundisho yote ya kumfunda, nikawa namsimulia habari za majirani tu ili muda upite.

Lakini kulikuwa na ile Ijumaa.

Ng'ambo ya njia, mkabala na kibaraza cha Ngwali, alikaa Bi Kidawa. Bi Kidawa ni mjane, macho yake yanazunguka kama feni, na samaki wake wa kupaka, lazima niseme ukweli ingawa simpendi, samaki wake anaweza kumwamsha marehemu Waziri wa Misitu siku ya Alhamisi. Ijumaa moja nikamwona anavuka njia na sahani iliyofunikwa kawa.

"Bi Kidawa, waenda wapi na harufu hiyo?"

"Kwa Mzee Ngwali, maskini. Ameachwa."

"Kesho anaoa!"

"Kesho ni kesho, bibi. Leo kwa mujibu wa serikali ni kapera, na mimi kwa mujibu wa serikali ni jirani mwema."

Akaenda, kiuno kikisema yaliyobaki.

Nikaanza kumsikiliza Ngwali kwa makini siku za Jumamosi. Ule mngurumo wa kwanza ukapungua. Ikawa "Nimekubali," kama mtu anayemkubalia daktari. Ikawa "Nakubali, endeleeni." Ikawa "Ee." Halafu ikaja Jumamosi moja Bwana Pandu akamuuliza, na Ngwali hakusema kitu. Alitazama juu kwenye turubai. Akameza mate. Ndevuni alikuwa na tui la nazi lililokauka. Bendi ikashusha tarumbeta. Chini ya shela, mkono wa Bi Mashavu ukatafuta wangu, ukaukamata kwa nguvu mpaka pete yangu ikanichoma.

"Ee," hatimaye Ngwali akasema. "Haya."

Usiniambie ni kitu kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika ule mkono.

Baada ya wageni kwenda na vibakuli vyao, Mashavu alikaa kitandani bila kuvua dhahabu. "Somo," akasema, "leo amekubali. Jumamosi ijayo je? Akikataa mimi sina umri wa kumngoja mwingine. Na sitaki mwingine. Nilimngoja yule mpaka bati likatoboka."

Nikamfuata Ngwali nyuma ya nyumba, nikamshika sikio, maana umri wake siuogopi.

"We Ngwali! Unamtaka Kidawa?"

"Niachie sikio, dada! Simtaki. Nataka samaki wake tu." Akakaa kwenye ndoo. "Lakini nikwambie. Mashavu nilikwisha kumkubali zamani, kabla ya hili bati. Mtu akikuuliza kila wiki kama unataka, na kila wiki ukajibu, mwisho unaanza kujiuliza: hivi mbona wananiuliza sana? Kuna nini? Ijumaa nakaa pale na mto wangu, sijui kama nina mke au sina. Nitachoka, dada. Siku moja litanitoka neno ambalo silitaki."

* * *

Asubuhi ya siku ya kazi nikavaa buibui jipya nikaenda ofisini kwa Bwana Pandu. Alikuwa amekaa mbele ya mtambo kama mtu anayemlinda ng'ombe mkali.

"Bwana Mkurugenzi, shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja usimamishe harusi ya Bi Mashavu. Imetosha. Ameolewa, ameshiba."

Akatabasamu kwa huzuni. "Bibi, kusimamisha nako ni kazi. Kazi yoyote lazima iingie kwenye ratiba. Nikiweka kazi ya kusimamisha harusi, itajirudia. Na ili mtambo uweze kusimamisha harusi kila wiki, itabidi kila wiki kwanza uianzishe."

"Basi iweke kwenye Mara Moja Tu."

"Pana mwenyewe."

"Nani?"

Akatazama mlango. Akatazama dirisha. Akaandika hewani kwa kidole: herufi ya U.

"Uchaguzi?" nikasema.

"Shhh! Ndiyo. Huo."

"Lakini si ulikwisha kufanyika? Unafanya nini pale?"

"Umekaa."

"Hauwezi kuondolewa?"

"Nani, huo uchaguzi au Mtukufu?" Pandu akauliza, kisha akaisikia sauti yake mwenyewe, akaushika mdomo kwa tai. Nikamsubiri apumue. "Bibi," akanong'ona, "hata kama pangekuwa wazi. Ili kuweka kitu pale ni lazima kugusa ile stika. Nani atamtia Mtukufu kidole jichoni? Mimi nina watoto."

"Hakuna mtu anayeruhusiwa?"

"Hakuna."

"Na Mtukufu mwenyewe? Akijitia kidole jichoni mwenyewe, atamfunga nani?"

Bwana Pandu akasahau kutazama mlango. Jasho likamtoka kwenye paji la uso likateremka mpaka kwenye tai. Nafikiri katika ofisi ile wazo lilikuwa halijawahi kuingia bila miadi.

"Mwalike," nikasema. "Mwambie harusi hii ndiyo inayoangaliwa kuliko zote kwenye televisheni. Mwambie umma unauliza kwa nini wanawapigia makofi mawaziri tu."

Hilo la mwisho lilitosha. Jibu lilirudi kabla wino wa barua haujakauka.

* * *

Jumamosi hiyo turubai lilikuwa jipya na hata mbuzi walifungwa riboni. Mtukufu akaja bila miwani. Hakuwa anaona mbali ya pua yake, lakini picha zake zote hazina miwani, na mtu mzima hawezi kupingana na picha zake. Akahutubia.

"Ndugu wananchi! Ndoa ni kama nchi. Mmoja anaongoza, mwingine anapiga makofi. Wakianza wote kuongoza, nani atapiga makofi? Na wakianza wote kupiga makofi..." Akasita, akitafuta ubaya wake, asiuone. "Hiyo ni sawa. Hongereni!"

Tukapiga makofi wote. Bwana Pandu akamuuliza Ngwali swali. Ngwali akatazama juu. Mimi nikamtazama yeye, na mkono wa Mashavu ukanikamata tena. Tukangoja. Mtukufu naye akangoja, na hakuwa amezoea.

"Ee," Ngwali akasema, kwa sauti ya mwisho kabisa iliyobaki kwenye kisima.

Ikaja zamu ya somo kutoa shukrani. Nikapanda jukwaani, nikapiga goti, goti likalia kama mlango.

"Baba Mtukufu, mimi mwanamke wa darasa la nne la zamani sina maneno. Nina furaha, ila nina uchungu kidogo."

"Sema, bibi. Serikali inasikiliza." Kamera zikasogea.

"Jumamosi ijayo mgeni rasmi ni Waziri wa Mifugo. Atawaoza hawa hawa. Sasa naogopa midomo ya watu. Watasema, kumbe ile aliyofunga Mtukufu haikushika, mpaka kaja kuikaza mtu wa ng'ombe."

Waziri wa Mifugo akajificha nyuma ya mbuzi.

"Nani amesema haikushika?" Mtukufu akauliza.

"Hakuna, Baba. Ila Ijumaa saa sita mtambo unaitengua."

"Unatengua mkono wangu? Mkurugenzi!"

"Ndiyo, Mtukufu."

"Jambo nililofunga mimi linahitaji kurudiwa?"

Maskini Pandu. Jibu la kweli lilikuwa ni lile neno lililoko chini ya stika. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Ndiyo, Mtukufu," akasema. "Kesho."

Mtukufu alikuwa na watoto, alielewa. Akanyoosha mkono. "Leteni kioo. Mimi nikifunga, nimefunga. Hii itakuwa mara moja tu! Nigusie wapi?"

"Ni... ni hapo, Mtukufu. Kwenye sura."

"Sura ya nani?"

"Nzuri, Mtukufu."

Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akajitambua, akafurahi. Halafu, mbele ya mawaziri, bendi na televisheni, Mtukufu akajitia kidole jichoni. Watu wote walifumba macho kwa adabu. Mimi nilibakiza moja.

Kioo kikatoa mlio, kikaandika maneno mapya. Waziri wa Mifugo akayasoma, akaanza kukagua kwato za mbuzi. Mkuu wa Polisi akayasoma, akakumbuka gari lake. Bwana Pandu akayasoma, akakaa chini mahali pasipokuwa na kiti. Wote walikuwa na digrii. Yaliandikwa hivi, wala si kwa herufi ndogo: "Nafasi hii ina Uchaguzi Mkuu. Uchaguzi Mkuu utoke, ushike nafasi ya harusi, ufanyike kila Jumamosi?"

"Kinasemaje?" Mtukufu akauliza.

Ni nani angelitamka neno uchaguzi mbele yake, na siku ya furaha?

"Nauliza, kinasemaje? Wewe bibi, unajua kusoma?"

"Kidogo, Baba. Nikiunganisha unganisha."

"Haya, soma."

Nikainama. Nikapeleka kidole chini ya maneno, polepole, kama alivyotufundisha mwalimu. Nikamwona Mashavu, mikono yake myeusi imekumbatiana. Nikamwona Ngwali amekaa kama mtu anayesubiri basi ambalo hata hajui kama bado lipo.

"Kinauliza, Baba," nikasema, "kama una uhakika."

Na hebu niambie, si ndicho kilichokuwa kinauliza?

"Uhakika?" Mtukufu akafura kama andazi. "Mimi? Tangu nizaliwe nimekuwa na uhakika!" Akaona kitufe cha kijani mbele ya macho, akapiga Ndiyo kwa kiganja kizima.

* * *

Ijumaa iliyofuata, ilipokaribia saa sita, Bi Mashavu alizima jiko. Ngwali alikuwa amekaa kitandani na mto wake kwapani, tayari, kwa mazoea. Sote watatu tukasikiliza. Pikipiki ikasikika kutoka mwanzo wa mtaa, ikaja, ikaja, ikafika mlangoni. Ikapita.

Ngwali akauweka mto kitandani, akaukunguta upande huu na upande huu. "Mke wangu," akasema, "leo kuna nini cha kula?"

Kuku wakatawanyika, maana hilo alilisema kwa ngurumo.

Pikipiki ilikwenda mpaka Ikulu. Mtukufu alitia sahihi bila kusoma, kisha akaomba asomewe. "Sababu ya kuondolewa: kupisha uchaguzi." Aliwageukia walinzi. Walinzi wakasikitika pamoja naye kwa dhati, ila mishahara yao inatoka mtamboni, kwa hiyo wakamfungulia geti. Akatoka na mto wake kwapani.

Dawa yake ipo. Bwana Pandu ameieleza vizuri sana: Mtukufu akirudi kwenye kiti, aguse kioo tena, arudishe mambo yalivyokuwa. Ila kwa kuwa alifunga mbele ya umma, lazima afungue mbele ya umma na kusema sababu. Na sababu ni kwamba aligusa bila kusoma. Kamati imeundwa kutafuta namna ya kusema hivyo kwa lugha ya nchi hiyo bila kutumia neno "kukosea". Inakutana kila wiki, mtambo umeipanga, na kila wiki inaanza upya.

Basi kila Ijumaa mchana Mtukufu si Mtukufu. Ni mwananchi, anatembea kama wengine, na kwa kuwa kinyozi wa Ikulu hawezi kumnyoa mwananchi, anakuja kwa Mzee Ngwali. Anakaa kwenye kiti, Ngwali anashika wembe, na mkono unaanza kutetemeka. Nimeona watu wakisali, lakini si kwa moyo ule. Bi Kidawa, nasikia, amekwisha kuvuka njia na sahani yenye kawa. Kwa mujibu wa serikali, anasema, Ijumaa mheshimiwa hana kazi, na yeye ni jirani mwema.

Jumamosi ndio uchaguzi, uwanjani. Pilau la harusi limehamia huko, watu nao na vibakuli vyao. Bwana Pandu anapanda jukwaani, anasema leo ni siku ya kihistoria, kisha anauuliza umma kama unamkubali Mtukufu.

Jumamosi ya kwanza umma ulinguruma, "Tumekubali!" Ulikuwa umezoea. Ya pili ulikubali kama mtu anayemkubalia daktari. Ya tatu ukasema, "Ee."

Jumamosi iliyopita Bi Mashavu hakwenda. Alikuwa amelala mchana na mumewe, mlango wamefunga kwa komeo. Mimi nilikwenda, nikapata kiti cha mbele, karibu na mgombea. Bwana Pandu akauliza swali. Uwanja mzima ukatazama juu. Ukameza mate. Bendi ikashusha tarumbeta. Nikamwona Mtukufu anapapasa pembeni yake, huku na huku, anatafuta mkono wa kushika.

Wangu ulikuwa karibu. Lakini nilikuwa namenya karanga.